Ndege Isiyonusika

Juzi nilipita Moseley, natoka kumwacha mwanangu kwa rafiki yake, nikakatiza mbele ya duka la kucha. Siku ilikuwa ya joto, lile joto letu la Birmingham linalokuja bila hodi na kuondoka bila kwaheri, na mlango walikuwa wameuacha wazi. Harufu ikatoka ikanikamata. Rangi ya kucha, gundi, na ule ukali mtamu unaopanda puani na kukataa kutoka. Nikasimama njiani, watu wananipita huku na huku. Binti wa dukani akatoa kichwa akaniuliza kama nataka kuingia. Nikamwambia hapana, nimemkumbuka baba yangu tu. Akanitazama, akarudi ndani kwa wateja wake, na simlaumu.

Baba hakuwahi kumpaka mtu kucha, msinielewe vibaya. Lakini nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwa msimu mmoja mzima alikuwa akirudi kazini ananuka hivyo hivyo, na harufu ile nusura ituvunjie nyumba. Nyinyi wenzangu mliokulia kwenye maghorofa ya kaunsili ya mji, mnaojua kwamba habari ya fleti ya juu hufika chini kabla ya lifti, hamtashangaa nitakayoyasema.

Tulikaa Newtown, ghorofa ya juu kabisa, mimi na baba na mama. Mama ni mtu wa Unguja mjini, na kwake yeye nyumba isiyofukizwa udi ni banda. Alikuwa akiwasha makaa juu ya jiko, akiyatia kwenye chetezo cha udongo alichokuja nacho kutoka nyumbani amekipakata mapajani safari nzima. Kabla ya udi wenyewe alipanda kiti akaivisha kengele ya moshi kofia ya kuogea, ile ya plastiki, isije ikatupigia makelele na kuwatoa majirani nje. Hapo tena ndipo anapoanza na nguo za baba. Shati analitandaza juu ya kiti, chetezo chini yake, moshi unapanda mpaka unatokea kwenye mikono ya shati. Fulana, suruali, hata soksi. "Mume akitoka mlangoni," alikuwa akisema, "wanaompita wajue kuwa ana mtu." Mimi nilidhani ni mambo ya usafi. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba moshi ule ulikuwa maneno ya mama kwa baba, kila asubuhi, na kwamba watu wale hawakuwa na maneno mengine ya kuambiana kama hayo.

Siku moja baba akabadilisha kazi. Aliacha ghala la mboga, akapata kazi kiwandani nje kidogo ya mji. Jioni ya kwanza akakaa mezani, mama akampakulia wali, akamuuliza, "Enhe, huko vipi?"

"Alhamdulillahi," baba akasema.

"Mnafanya nini huko?"

"Kazi."

Mama akacheka, akidhani anataniwa. Baba hakucheka. Alikuwa mtu wa zama zake, baba yangu, kakulia mahali ambapo watoto walifundishwa mapema kwamba kuta zina masikio. Pasipoti yake ya hapa alikuwa ameipata karibuni tu, kaifunga kwenye kitambaa chini ya Msahafu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "ya humu ndani usiyatoe nje," hayatoi hata kwa mto anaolalia.

Asubuhi moja ya wiki ile mama ameshika shati, moshi umeshaanza, baba akasema polepole, macho yake kwenye viatu, "Mama Sabra, hizi nguo za kazini usizifukize tena. Wala marashi usinitie."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Nakuuliza kwa nini, baba Sabra."

"Sina la kukwambia."

Lo! Sina la kukwambia! Jamani, mwanamme wa kwetu anaweza kumwambia mkewe pilau limeungua na akasamehewa ifikapo Idi. Lakini kumwambia asimfukize, tena bila sababu! Mama alikishusha chetezo sakafuni, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka aliposikia mlango wa nje umefungwa. Mimi nilikuwa mezani na bakuli langu. Moshi uliendelea kupanda kwenye kiti kisicho na shati, nami nikakaa kuutazama, nisijue nimwite mama au nile.

Jioni baba akarudi, na ndiyo harufu ile sasa. Tamu, kali, ya kucha.

Chini yetu alikaa Bi Rukia, mkubwa wa kisomo cha wanawake cha Alhamisi. Moyo wake mwema, wallahi, ukiugua supu yake inafika kabla ya dawa, lakini ulimi hauna breki. Alhamisi hiyo kisomo kilikuwa kwetu. Wenzake walipokwisha kuondoka akabaki yeye, kikombe cha chai mkononi, mimi niko nyuma ya kochi na visheti vyangu wamenisahau.

"Mwanangu," akamwambia mama, "mwanamme anakataa udi wa mkewe. Anarudi ananukia kucha za watu. Simu kaizima kutwa. Kazini kwake hakutaji. Wewe unataka uandikiwe ubaoni? Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mume wangu si mtu wa hayo, Bi Rukia."

"Wote si watu wa hayo, mpaka siku utakapoletewa khabari ya mwenzio. Lisemwalo lipo, mwanangu. Mume wangu alimpakia kwenye teksi yake siku ile ya mvua, akamshusha huko anakokwenda. Jengo halina hata dirisha moja! Langoni mlinzi na jibwa. Nani anafanya kazi ya halali ndani ya jumba lisilo na dirisha?"

Mimi nyuma ya kochi nilikuwa nawaza huyo mke wa pili atalala wapi, maana vyumba vyetu ni viwili na kimoja ni changu. Lakini la jengo lisilo na madirisha nililishika.

Nililishika kwa sababu ya Njeri. Njeri alikuwa mtoto wa fleti ya mkabala na yetu, Mkenya, mama yake muuguzi katika hospitali moja upande wa Edgbaston. Tulisoma darasa moja, na baina yetu ilikuwa Kiingereza moja kwa moja; mama zetu wakituuliza kwa Kiswahili tunajibu kwa Kiingereza, tukiamini ndiyo adabu. Mwaka ule shuleni maneno yote yalikuwa ya ndege ya siri. Nyeusi, pembe tatu, haina mlio. Mtoto mmoja alikula yamini kwamba aliiona mchana kweupe juu ya uwanja wa kriketi, imesimama angani kama imetundikwa, na alipomwita kaka yake haipo. Mwingine akasema rada haiioni. Mwingine akasema mjomba wake aliuliza habari zake akahamishwa mji. Njeri alizikusanya habari hizi zote, akazipanga, akatoa hukumu: ndege ile inaundwa hapa hapa karibu yetu, katika jengo lisilo na madirisha, ili jua lenyewe lisiione.

Mnaona tena nilivyopigwa na mshituko. Kumbe ni baba!

Njiani kwenda madrasa Jumamosi, mkono wangu ndani ya mkono wake, nikamuuliza. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka zunguka, lakini mdomo haukungoja. "Baba, wewe unaunda ndege ya siri?"

Baba akasimama. Akatazama nyuma, akatazama ng'ambo ya barabara, kuna bibi anamsubiri mbwa wake amalize haja, basi. Akachutama mbele yangu.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna."

"Sabra."

"Nimefikiri mwenyewe."

Akavuta pumzi. "Mimi natengeneza vipande, mama," akasema. Mama ndiyo mimi, ndivyo alivyoniita akiwa ananibembeleza. "Vipande tu. Na hilo pia sikukwambia. Neno hili usiliseme shuleni, wala nyumbani, wala kwa Njeri. Nimeahidi watu. Ukilisema wewe, nimelisema mimi. Umefahamu?"

Nikasema nimefahamu. Kama angecheka siku ile, kama angesema "ndege gani, we mtoto," yangeisha pale pale. Lakini mtu mzima akichutama kwenye njia yenye maji kwa ajili ya neno lako, unajua neno lina uzito.

Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi wa nyumbani, na mpelelezi wa pua. Nilinusa koti la baba, viatu vya baba, mkoba wake wa chakula. Nikayaweka pamoja niliyoyajua, nikapata jawabu, na mpaka leo nalionea fahari kwa umri ule. Ndege ile haionekani. Haisikiki. Basi kilichobaki ni nini? Adui ana mbwa! Hata langoni kwao lipo jibwa, Bi Rukia kasema. Ndege ikinusika imekwisha. Kwa hiyo wanaipaka kitu cha kuua harufu, ndicho kile kinachonuka kucha, na mtu akiingia pale na udi wa mama kwenye shati, udi wa Unguja unaofika mpaka kwenye lifti, jeshi zima la maadui litaikuta ndege kwa pua. Niliingiwa na hofu kweli kweli. Kila mama alipowasha makaa nilifungua madirisha yote, baridi ikaingia, nikagombezwa.

Nyumbani hakukuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo. Mama alizifua nguo za baba, akazikunja, akaziweka kitandani bila ya neno. Sabuni yake ilikuwa ile yenye maua kwenye pakiti, inukiayo mpaka kesho kutwa, na baba alizichukua zile nguo akazianika nje kwenye kibaraza usiku kucha zipungue harufu, na mama akamwona. Fikirini hilo. Kumwona mumeo anaipunga upepo nguo uliyoifua.

Kisha ukapatikana ule unywele.

Mama aliutoa kwenye soksi ya baba. Mweusi, mrefu, mwembamba, unang'aa. Aliunyanyua mbele ya dirisha kwa vidole viwili, akakaa kwenye ukingo wa bafu. Akaniambia nikamwite Bi Rukia. Bi Rukia akapanda anahema, lifti mbovu kama kawaida, akautazama, akatikisa kichwa. "Si nilikwambia?" Lakini mama ni mtu wa kuhakikisha. Alichukua chetezo, makaa yamewaka, akaudondosha unywele juu ya kaa. Nyinyi mnajua unywele kwenye moto: unajikunja, unanuka, umekwisha. Huu haukujikunja. Haukunuka. Ulilala pale juu ya kaa jekundu, ukakaa, mama akautoa kwa koleo ukiwa vile vile.

Bi Rukia akashusha mtandio wake mabegani akaisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti.

"Huu si wa mtu," akasema. "Mwanangu, mumeo hakuoa. Mumeo kaolewa. Huyu ni jini mahaba. Ndiyo maana udi wako hautaki, wana wivu hao!"

Mimi nilisimama mlangoni na neno langu mdomoni. Nilijua, kwa yakini ya mtoto, kwamba ule ni uzi wa ndege. Kitu kisichoungua moto kitakuwa nini kingine? Neno moja tu, na mama atapumua. Na neno hilo hilo moja, watu wa jengo lile watakuja na jibwa lao wamchukue baba na pasipoti yake. Nikaufunga mdomo mpaka meno yakauma.

Mke mwenza wa kibinadamu mama angepambana naye, namjua. Wa kijini alimchosha. Aliukunja uzi ule kwenye kipande cha karatasi akauweka kwenye kikombe kabatini. Jumamosi iliyofuata, baba yuko zamu ya ziada, nikamkuta mama amelishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Lile kubwa la kijani la kuja nalo. Nguo zake upande mmoja, zangu upande mwingine.

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa mjomba wako, London. Kupumzika kidogo."

"Na baba?"

"Baba ana kazi," mama akasema. Alikuwa anakunja fulana yangu ya shule, ile ile moja, anaikunja, anaikunjua.

Mtu hapeleki fulana ya shule kwenye mapumziko. Nikatoka nikavuka korido kwa Njeri, nikalia kwake kilio cha kukosa pumzi. Sikusema neno la baba. Nilisema tu tunahama, mama analia jikoni, nguo zangu zimo sandukuni. Njeri hakuwa mtu wa kubembeleza. Akanipa biskuti akaenda kumwamsha mama yake.

Mama Njeri akaja kwetu amevaa kanga juu ya sare, macho bado yana usingizi. Mama akafunga mlango wa chumbani upesi sanduku lisionekane, akamkaribisha, akatia chai. Ndivyo alivyo, dunia ikianguka mgeni atakunywa chai kwanza.

"Mama Sabra, Njeri ananiambia ati mnahama. Mbona hukuniambia? Kuna shida?"

"Hakuna shida. Twenda kutembea tu."

Mama Njeri akamtazama, akaona hapaingiliki, hakuchokoza. Wakazungumza habari za baridi na lifti. Kisha akanyanyuka, zamu yake inaanza jioni ile. Na sisi kwetu, mliofika mnajua, mgeni wa kike hatoki hivi hivi. Anafukizwa mlangoni, anukie hadi kwake. Mama, na macho yake mekundu, akamletea chetezo. Mama Njeri akaruka nyuma kama kaona nyoka.

"Wai! Usiniwekee, dadangu, pole! Leo niko upasuaji."

Mama akabaki na chetezo mkononi. "Upasuaji na udi wapi na wapi?"

"Huko ndani hatukubaliwi harufu yoyote. Manukato hapana, losheni hapana, kucha hazipakwi rangi. Mimi hata mafuta ya nywele nikijua niko huko sipaki. Tunafunikwa hivi mpaka kichwa. Unywele mmoja ukianguka ni makosa."

"Nani kakataza?"

"Kazi imekataza. Wanataka kila kitu kiwe safi, kitupu. Mzee wangu mwanzoni alikuwa ananiuliza siku hizi hunukii kwa nini, kuna nini?" Akacheka.

Mama hakucheka. "Na huyo unayempasua leo ni nani?"

"Aki hiyo siwezi sema. Ni siri ya mgonjwa. Hata Njeri simwambii, hata baba yake simwambii. Nikifungua mdomo, kazi imeenda."

"Hata mumeo?"

"Hata yeye. Anajua tu niko kazini. Ananipikia, nikirudi nakula, nalala."

Akatoka. Mama alibaki amesimama pale mlangoni kwa muda mrefu. Udi ukaisha juu ya kaa. Mimi nilikuwa namtazama usoni, nikaona kitu kinapita, sikujua nini. Paji la uso lilikuwa limekunjana msimu mzima, likakunjuka. Akaniambia, "Sabra, shuka dukani ukaniletee sabuni ya kufulia. Ile ya watoto wachanga." Nikashuka ngazi mbili mbili. Niliporudi sanduku lilikuwa juu ya kabati.

Jioni baba akala kichwa chini, kama alivyozoea siku zile. Mama akamsubiri amalize.

"Baba Sabra, nina suala."

Baba akaiweka mikono mezani. "Mama Sabra, ya kazini siwezi…"

"Sijakuuliza ya kazini. Nakuuliza nguo zako nizifue kwa sabuni gani."

Baba akanyanyua uso. Nilimwona analigeuza lile suala, analitafuta mwiba kama mtu anayekula samaki, huku na huku. Hakuuona.

"Isiyo na harufu," akasema.

"Mafuta ya nywele?"

"Hapana."

"Ya mikono?"

"Hayo ndiyo hasa hapana."

"Na Ijumaa?" Ijumaa kiwanda chao kilifunga mchana, akenda msikitini.

"Ijumaa ni yangu," baba akasema.

"Ijumaa ni yangu mimi," mama akasema. Akanyanyuka, akaenda kabatini, akarudi na ile karatasi iliyokunjwa, akaifungua pembeni ya sahani yake. "Na hiki pia ni chako. Bi Rukia anasema ni unywele wa mkeo wa kijini."

Baba aliutazama uzi ule. Akautazama tena. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na kweli machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu ghala la mboga. Mama akajizuia, akashindwa. Walicheka wale watu mpaka mama akashika ukuta. Mimi nikawa nawatazama nimekasirika, maana niliona mwisho umefika, sasa mtu atalisema lile neno, ndege, ndege! Hakuna aliyelisema. Baba akaukunja uzi kwenye karatasi yake, akautia mfuko wa shati, akaurudishe kwa wenyewe.

Tangu hapo nguo za kazini zilifuliwa peke yake, zikakaa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mbali na kila kitu, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa kama mikono ina mafuta. Kanzu ya Ijumaa nayo ililipishwa deni la wiki nzima. Baba alikuwa akitoka nayo unamsikia kabla hujamwona. Bi Rukia aliiona kanzu, akaona sanduku halikuondoka, akasema dua zake zimemtoa jini. Hatukumbishia.

Sasa hamtaniuliza, ilikuwa ndege kweli? Mimi nilimuuliza. Nilikuwa mtu mzima, yeye amestaafu, tumekaa kwenye benchi bustanini, ndege inapita juu inatafuta uwanja.

"Hawakutuambia," akasema. "Walituletea vitambaa vyeusi, nyuzi zake nyembamba kama nywele. Tukavitandaza ndani ya kalibu, tukavipaka gundi ile ya kunuka kucha, tukavioka. Jasho likidondoka, alama ya kidole chenye mafuta, kipande kimeharibika, kitabanduka. Vikimalizika wanakuja watu wanavifunika, wanavichukua. Sijui lilikuwa bawa. Sijui ulikuwa mfuniko wa choo."

"Baba! Nusura mama akuache kwa mfuniko wa choo?"

"Nusura."

"Sasa siri uliyokuwa unaiweka ni ipi, kama hukuijua?"

Akafikiri. "Waliniambia nisiseme," akasema. "Nikasema sawa." Akaitazama ile ndege mpaka ikapotea nyuma ya miti, na mimi nikaitazama, tukitafuta kipande chake.

Alifariki msimu huu wa baridi uliopita, kitandani kwake, mama amemshika mkono. Asubuhi yake vijana wa msikitini walikuwa wanangoja sanda. Mama akasema haitoki nyumbani hivi hivi. Akaitandaza juu ya kiti, kile kile cha mashati. Makaa nikawasha mimi. Kofia ya kuogea niliivisha kengele mimi, maana mama sasa hapandi kiti. Alifukiza kitambaa kile cheupe kipande kwa kipande, bila haraka, akikigeuza moshi uingie kila mahali, na alipomaliza akakikunja akakiweka mapajani, mikono yake juu yake.

"Haya, baba Sabra," akasema. "Kazini umeshatoka. Nukia sasa."